Shangazi Waliokuja Kutafuta Tundu

Mpaka leo harufu ya supu ya kondoo hunitibua roho. Kosa si la kondoo.

Zama zile za Mwingereza, dada yangu alikuwa hawezi kupanda mlima wetu wa Meru na mkungu wa ndizi bila kusimama njiani, pumzi imemkatika. Baba akampeleka hospitali, Arusha mjini. Daktari Mzungu alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaeleza: ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo una tundu, amezaliwa nalo. Ulaya wameanza kupasua vifua na kuyashona matundu kama hayo. Huku kwetu bado. Anaweza kuishi miaka mingi, akasema, ila asibebe mizigo mizito.

Baba alifurahi kusikia "miaka mingi". Jumapili akasimama kanisani kuomba dada aombewe, akalitaja tundu mbele ya usharika mzima. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wa baba uliponza kichwa cha mwanawe. Dada alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji cha Maji ya Chai, na alimpenda waziwazi, bila haya. Kilichobaki ni matangazo ya ndoa tu.

Kabla ya matangazo wakaja shangazi watatu wa yule kijana, naye nyuma yao. Tukawachinjia kondoo. Kijana nikamketisha barazani na bakuli lake la supu, karibu kabisa na jiko.

"Shikamooni," nikawaamkia shangazi.

"Marahaba. Huyo mgonjwa yuko wapi?"

Walimpeleka dada nyuma ya jiko wakamfungua vifungo vya gauni. Walikuwa wanatafuta tundu! Walimbonyeza chini ya matiti, wakamnyanyua mikono, wakachungulia makwapa kama watu walio mnadani. Mmoja akainama akamnusa.

"Mbona halionekani?" akapaza sauti, kama mtu aliyepunjwa.

Mkubwa wao alichana jani la mgomba akajifuta vidole. Vidole hivyo hivyo akaja kuvichovya kwenye nyama yetu.

Walikula mpaka mafuta yakawachuruzika videvuni, wakaomba na paja la kubeba. Tangu wafike walikuwa wakimwita baba yetu "mkwe". Sasa yule mkubwa akajipangusa mdomo, akasema, "Mzee, kibuyu kinachovuja hakitiwi maziwa."

Baba akainamisha kichwa. Nilimchukia yule mama kwa chuki ambayo uzee haujaipunguza.

Walipoondoka nilimkuta dada palepale nyuma ya jiko, vifungo bado wazi. Hakuwa akilia.

"Waliponishika, yeye alikuwa wapi?"

"Barazani, na supu yake."

"Alisikia?"

"Alisikia yote."

"Akasemaje?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Aliomba chumvi."