Walimwita Soksi

Kaka yangu mkubwa mtaani kwetu anaitwa Bosi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kiti. Nyumbani kulikuwa na kiti cha plastiki cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya, na mtu yeyote akikikalia, Bosi anasimama mbele yake na kumwambia, "Toka." Maneno mengi hana, ila hilo analo, na analitoa kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka. Mjomba alikuja siku moja na suti yake ya harusini, akaambiwa toka. Akatoka, akakaa kwenye ndoo. "Huyu angekuwa waziri," akasema, "tungenyooka wote."

Ndivyo alivyo. Mkate anaanza ganda la nje, nyama yake ya ndani anaiacha mpaka mwisho. Mvua ikipiga bati anaziba masikio, na huku anacheka. Na shati lolote jipya, kabla hajavaa, Mama anachukua wembe anakata ile lebo ya kwenye kola, halafu anang'oa nyuzi zake moja moja, maana kwa Bosi kile kitambaa kidogo ni kama siafu. Sisi tulishazoea. Hatukuona kama ni jambo la kumsimulia mtu.

Alipofikia mwili wa mtu mzima, mgongo wa Mama ukakataa. Baba alishafariki. Mimi, niseme ukweli, si mtu wa kutulia nyumbani. Shule yenyewe iliniona mpaka kidato cha pili, basi. Ikapatikana nafasi kwenye nyumba ya kulelea watu kama yeye, nje kidogo ya mji. Msimamizi akatuuliza vizuri tu, "Ana mambo gani ambayo tunatakiwa kuyajua?" Mama akaogopa tutakataliwa. Akajibu haraka haraka, "Hana tabu mwanangu. Mtulivu. Ukimweka hapa, utamkuta hapa hapa." Mimi nikawa natikisa kichwa kukubali, kama mjusi.

Jumapili za wageni tunamkuta sebuleni, kachanwa nywele, kavaa shati lake la mistari. Mama akirudi anawatangazia majirani, "Wanamtunza kuliko nilivyomtunza mimi!"

Sasa mimi siku hizi ni utingo kwenye lori la unga. Wiki hii dereva akashika barabara ninayoijua, ila hakusimama geti la mbele. Akazunguka nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona ua ule.

Kulikuwa na turubai chini, na juu yake rundo la nguo zilizotoka kuanuliwa. Wanaume wamepangwa kwenye benchi, vifua wazi. Mlezi, mwanamke mmoja tu, anachukua nguo iliyo juu ya rundo, anamvalisha aliye mbele yake. Hachagui. Mwembamba kapata suruali ya mnene, ikafungwa kamba. Mwishoni mwa benchi kuna mmoja tayari kavaa, anasugua shingo ukutani. Mikononi kavalishwa soksi, zimefungwa kwa vipande vya kitambaa. Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa jinsi anavyoyumba.

Na yeye akaniona. Akatoa ile sauti yake, mmmmh, ndefu, ya kunifurahia.

Dereva akachungulia dirishani. "We utingo! Kumbe una mchumba huku, hunambii?"

Nikacheka. Nikatupia gunia la unga kwenye bega la upande wa benchi, likanificha uso, nikampita ndugu yangu wa tumbo moja kama napita nguzo.

Kule stoo nilitua gunia, nikabaki nimelishikilia. Mpishi akaniuliza, "Vipi, umeona jini?" Nikarudi uani.

"Dada, huyu kafanya nini?"

"Nani, Soksi?" mlezi akasema bila kugeuka. "Anajichuna shingo mpaka damu. Dawa tumepaka, wapi! Au ulitaka tumfunge kamba?"

"Ni kaka yangu."

Mikono yake ikasimama kwenye vifungo vya mtu. "Lakini leo si Jumapili."

"Najua. Shati lake la mistari liko wapi?"

"Kabatini. Nguo za siku ya wageni tunazifungia kabatini, zisi..." Akajisikia mwenyewe anavyosema. Akainamisha macho.

Nikamgeuza Bosi kola. Lebo ilikuwa pale, ngumu kama ganda la muwa, na chini yake ngozi imechunika. Nina kisu cha kukatia nyuzi za magunia. Nikaikata, nikang'oa na vinyuzi vyake. Halafu nikamfungua soksi. Vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua kutwa. Akajigusa shingo, akasubiri, akajigusa tena. Mkono ukashuka wenyewe, ukalala pajani.

"Lebo?" mlezi akasema. "Lebo tu? Mbona hamkutuambia?"

"Na nyinyi mbona hamku..." Nikaishia hapo, maana waliuliza.

"Niko peke yangu hapa, kaka," akasema, sasa polepole. "Wote hawa ni wangu tangu asubuhi."

Nikamwambia namchukua sasa hivi. Akaniuliza nani alimsainia. Mama, nikasema. "Basi aje mama." Nje dereva anapiga honi kama lori linaungua.

Jioni nilimkuta Mama barazani na jirani yetu.

"Afadhali umekuja," jirani akasema. "Mama yako ananiambia kaka yako kanenepa kweli."

"Nimepita kule leo, kikazi," nikasema. "Mama, twende ndani."

"Ndani kuna nini? Sema hapa hapa, jirani si mtu baki." Alitaka sifa ziongezwe, na msikilizaji yupo.

Nikasema. Rundo, kabati, lebo, soksi, jina walilompa. Nikasema na la gunia pia. Jirani akakumbuka jiko lake, akaondoka hata hakuaga.

Mama akasema, "Nilisema hana tabu."

"Tulisema, Mama."

"Wewe ulitikisa kichwa. Mdomo ulikuwa wangu." Akasimama kwa kushika ukuta. "Nipe viatu."

"Geti limeshafungwa saa hizi. Tusubiri basi Jumapili..."

"Jumapili yao sitaki! Nimkute na shati lolote walilomtupia. Niwaeleze kila kitu, kimoja kimoja, na uso wangu huu huu."

"Na wakisema mchukueni?"

Akainama afunge kamba za kiatu, mgongo ukamkatalia katikati. Nikapiga magoti nikamfungia. Tukatoka.