Nusu Dakika kwa Kila Wimbo

Mimi nina mdomo mchafu, na kwa miaka kadhaa mdomo huo ndio ulionipa jina hapa Maili Moja, Kibaha. Dukani kwangu nauza spika na chaja, lakini watu walinijua kwa jambo jingine: albamu mpya ikitoka, naegesha simu kwenye rafu, naingia laivu, naichambua. Nikisifia, wanaonitazama wanahesabika. Nikichana, vicheko vinamiminika mpaka simu inapata moto. Basi nikawa nachana. Wa Lagos niliwachana, wa Dar niliwachana, na hakuna hata mmoja aliyejua kama nimezaliwa. Kila wimbo niliupa nusu dakika. Nani ana muda?

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ndiye alinichukulia kama mtu wa maana. Yeye analima mihogo Mzenga, na msimu mzima alilitelekeza shamba likaota majani kwa ajili ya albamu yake ya Afrobeats. Alirekodi nyimbo tisa pale Kisarawe mjini, kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani. Siku aliyoniletea flashi dukani alikuwa amevaa shati la pasi, utadhani anakwenda kuposa.

"Binamu," akasema, "yule mwenye ukumbi hapa Kibaha kaniambia watu wakiipenda, sikukuu ya Idi napanda jukwaani kwake. Na wewe ndiye unayesikilizwa. Ila nakuomba kitu kimoja tu, usikilize mpaka mwisho ndipo unichinje."

"Nitakuchinja hata ungeniletea na pilau," nikamwambia.

Akacheka. Sisi ni watani, lazima hilo lieleweke. Kwetu mabinamu hawakasirikiani. Alipofariki baba yake mimi nilivaa koti la marehemu, nikajilaza kando ya kaburi nikazuia wasifukie mpaka nipewe jogoo, na yeye mwenye msiba alicheka huku machozi yanamtoka. Kwa hiyo nilipoingia laivu mchana ule, moyoni nilikuwa nafanya yaleyale. Nilichosahau ni kwamba makaburini kila mtu anajua nani mtani wa nani. Mtandaoni hawajui. Wao waliona mchambuzi anamchambua msanii.

Wimbo wa kwanza nikasema amechukua biti la Naijeria akalikorogea uji wa mgonjwa. Wa tatu nikasema Kiingereza chake kimefia njiani, tuchange sanda. Siku hiyo nilikuwa moto, sikatai, na nilikuwa nafurahi. Wa saba ukaanza na mwanamke mtu mzima anaimba Kizaramo, sauti imepitishwa kwenye mitambo mpaka ikawa inakwaruza, ngoma zinaingia chini yake taratibu. Nikausimamisha.

"Jamani! Huyu bibi mmemwokota wapi? Anaimba kama mlango wa choo! Hebu mpakeni mafuta kwenye bawaba!"

Kisha nikauiga huo mlango. Kriii. Kriii.

Komenti zikafumuka. Katikati yake ikapita ya binamu, maneno matatu: "Binamu, fika mwisho." Nikaisoma kwa sauti, nikaijibu, "Mwisho upi? Wako ndio huu!" Nikarukia wimbo wa nane.

Mchambuzi mmoja wa Dar, wale wasomi wanaoandika makala ndefu, akaliokota neno langu. Akaandika kwamba chipukizi huyu anaficha udhaifu wake nyuma ya bibi mwenye sauti ya mlango wa choo. Huyo hata nusu dakika sidhani kama alisikiliza. Wiki ile vijana wakaigeuza kichekesho: mtu anafungua geti kwenye video, wanamwekea wimbo wa binamu. Mwenye ukumbi akaacha kupokea simu zake. Stendi ya Kisarawe binamu akipita tu, makonda wanamlilia kriii. Mimi wafuasi wakaongezeka kuliko wakati wowote, nikawa nakula kuku kwa mrija.

Baada ya wiki mbili nikaenda Mzenga kumsalimia mama, ambaye nyumba yake na ya marehemu mjomba zinatazamana. Nilibeba sukari na doti ya kanga, nikitegemea binamu atanitukana matusi yake ya kitani na mambo yaishe. Mama nilimkuta uani anamenya mihogo na majirani wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika? Ngoja nikufungulie mlango wa choo."

Nikacheka, peke yangu. Wale wanawake waliinamia mihogo yao kama hawakusikia kitu. Ndipo nikaanza kuelewa yule bibi wa wimbo wa saba alikuwa nani. Mama yangu ndiye anayeongoza nyimbo siku ya kumtoa mwali, kata nzima humwita yeye. Utotoni tulifukuzwa na fimbo tusisogelee, na ukubwani kila nilipoalikwa shughuli nilituma udhuru, biashara imebana. Sauti yake ya kusema ningeitambua popote. Ya kuimba nilikuwa siijui.

"Mama, ule ulikuwa utani! Yule si binamu yangu?"

"Yeye ni binamu yako," akasema, na kisu hakikusimama. "Mimi ni nani wako?"

Zile kanga alimpa jirani mbele ya macho yangu.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuwekwa ndani kwa bibi yake, na asubuhi ile anatolewa. Safari hii sikutuma udhuru. Nilibeba na spika kubwa kutoka dukani. Wanawake wakamwomba mama aongoze, akakataa. Wakampigia magoti. "Kwa sauti hii?" akasema. "Nitamtia mtoto mkosi." Akakaa kwenye mkeka, midomo ameibana.

Mwali hatoki kimya. Somo wake, yule mama aliyemfunda siku zote zile, akamwita binamu. Binamu akaja na flashi, akaichomeka kwenye spika yangu, akatafuta wimbo wa saba. Hakunitazama.

Niliusikiliza nimesimama, jua utosini. Ile sauti iliyokwaruza mwanzoni ikachomoka kwenye mitambo ikabaki yenyewe, ngoma zikaipisha, ikapanda, na binti yangu akatoka mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, kanga mpya, shanga shingoni, wanawake wakimpigia vigelegele. Ulikuwa wimbo mzuri. Mungu wangu, ulikuwa mzuri sana, na mimi ndiye niliyeuua.

Ngoma zikakoma, nikadhani umekwisha. Ikasikika sauti ya binamu kwenye spika: "Shangazi, sema lolote." Kisha mama, anacheka kwa haya: "Niseme nini mie? Haya. Mwanangu wa Maili Moja, wewe ndiye mjuzi wa muziki. Nilipokosea, unirekebishe taratibu."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikamtazama mama pale mkekani. Alikuwa anamwambia somo azime hiyo spika, inakwaruza.