Jina Nililompa Mama

Siku ile, wadogo zangu, nilimwita mama yangu mzazi "Mama Fluctuate" mbele ya wateja wake wa maharagwe, hapa kwetu Bulengera. Naanza na ujinga wenyewe, maana mnanijua kwa mizaha na mtafikiri natania.

Neno lilikuwa bado la moto. Asubuhi mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba kitu kina-"fluctuate" kikipanda na kushuka bila mpangilio, kama bei ya kakao kule Beni. Kikibadilika mara moja tu kisha kikatulia, neno hilo halikifai. Akasema limetoka kwenye neno la Kilatini la mawimbi. Wenzangu wakaandika. Mimi nikamuwaza mama: leo anaimba nyimbo za kanisa, kesho ukimwomba chumvi anakufokea, jioni anacheka tena.

"Mama Fluctuate," nikamwambia, "leo bei yako iko juu ao chini?"

Wateja wakacheka bila hata kujua maana. Mmoja akasema, "Mutoto wako ni mwalimu, donc basi tupunguzie bei."

Mama alimpimia yule mteja maharagwe, akaangalia simu, akampimia tena yaleyale.

Nikafungua mdomo nirudie, maana nilishaona watu wanacheka. Mdogo wangu Kavira, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanivuta shati.

"Yaya, nyamaza. Papa hayapiga simu bado. Tangu asubuhi."

Baba ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa ameshuka Beni. Barabara ile mnaijua: leo watu wanapita salama, kesho wengine hawafiki. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku za nyimbo zilikuwa siku ambazo simu imelia. Siku za ukali, baba alikuwa bado njiani. Mwalimu alitupatia wimbi, mimi sikuuliza upepo.

Simu ililia jua likikaribia kuzama. Mama alisikiliza, akasema "Asante Mungu," akakaa juu ya gunia.

Basi, wadogo zangu, neno la darasani msimbandike mtu kabla ya kujua kinachomtikisa. Mungu awafikishe nyumbani wote mnaowangojea, na awape midomo inayojua kunyamaza.

Nilimwomba mama msamaha, nikamweleza na maana ya neno. Akasema:

"Hiyo jina uipatie barabara, mutoto wangu. Miye hapana enda fasi yoyote. Niko hapa, minamungojea."