Seli Haigawanyiki Bila Hodi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Ijumaa. Fundi wa maabara anafungua kabati la joto lililokesha kwenye nyuzi thelathini na saba, anatoa kisahani cha plastiki na kukiweka chini ya hadubini. Midomo inahesabu, sauti haitoki.

"Hawa bado wamelala," anasema.

Wenzake humwita Mama Hodi, kwa namna anavyowafundisha wanagenzi. Seli ya mwili, huwaambia, haijigawi kwa kujisikia tu. Hungoja molekuli ya ishara ije kutoka nje na kugusa kipokezi kwenye utando wake. Hiyo ndiyo hodi. Ikiitikiwa, ujumbe hupokezanwa ndani, molekuli hadi molekuli, mpaka kwenye kiini. DNA hunakiliwa yote, ndipo seli moja inapokuwa mbili.

"Inayojigawa bila kungoja hodi, hiyo ndiyo mama wa saratani."

Ni mwaka wake wa kumi na saba kazini. Seli hazijui Jumapili. Zisipobadilishiwa chakula, zinakufa. Mdogo wake, anayeishi naye, humtania kwamba anajua seli zilikula nini jana kuliko anavyojua walichokula wanawe.

Mwezi uliopita alipanga visahani arobaini na vinane. Nusu alivitia ishara na kuandika H kwenye vifuniko. Nusu nyingine hakuvitia kitu, vikabaki na namba tu. H ni hodi. Maana hiyo iko ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara.

Mkuu wa maabara, daktari aliyekuwa safarini, alirudi siku ya kumi na tisa. Daftari hakulifungua. H akaisoma "hakuna". Kwa hesabu yake, seli zilizonyimwa ishara zilikuwa zimefurika kisahani, na zilizopewa zimekaa kimya. Akaamua kwamba fundi amechanganya dawa. Fundi aliporudi kutoka kula mchana, visahani vyote vilikuwa vimeshachomwa.

Alipoonyeshwa ule ukurasa, daktari alisema kosa linabaki palepale: kifuniko si mahali pa mafumbo. Barua ya kuomba radhi ikachapwa. Fundi asipoisaini kufikia leo, mkataba wake unaokwisha mwisho wa mwezi hautaongezwa.

Nyumbani ushauri ni mmoja. "Saini tu, dada," mdogo wake alimwambia. "Karatasi haiumi."

Yeye alinunua kalamu mpya ya wino usiofutika, akaanza kazi upya bila kuagizwa. Akijaliwa kubaki, anataka pia kumaliza kitabu cha mafunzo kwa wanagenzi, cha Kiswahili tangu jalada hadi jalada. Kurasa sitini ziko tayari.

Saa nne daktari anaingia, barua mkononi. Sauti yake ni ya upole.

"Mama, tumalizane. Ni mistari mitatu tu."

Fundi anavua glavu, anaisoma mistari yote mitatu, anamrudishia. Halafu anafungua kabati na kumwonyesha safu ya mbele. Kwenye kila kifuniko, kwa herufi kubwa: HODI.

"Safari hii nimeandika neno zima, Daktari. Hata mwenye haraka atalisoma."

"Na barua?"

"Radhi siombi."

Anafunga kabati, joto lisitoke.