Ngano Ilipofika Karungu

Siku tulipomzika baba yangu huko Karungu, mchungaji alihubiri juu ya punje ya ngano. Alisema mzee hakupotea, amepandwa, na siku moja ataota. Watu wakaitikia amina. Jioni, wageni walipopungua, mama aliniuliza, "Hiyo ngano inakaa aje?"

Nimekula chapati na mandazi tangu utotoni, lakini ngano niliijua ikiwa unga wa pakiti. Kwetu ziwani tunalima mtama na mihogo. Ndugu zangu nao hawakujua.

"Wamesema mzee wangu ni ngano," mama akasema, "na hakuna mtu hapa ameiona."

Mimi nimeolewa Kegonga. Niliporudi nilimsimulia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye huendesha mashine ya kuvuna ngano huko Narok. Alinisikiliza tu, nami nikadhani yameishia hapo. Mavuno yalipokwisha alinipigia simu akiwa Migori mjini. "Shemeji, njoo unipeleke kwa mama."

Alikuwa amepakata gunia. Tulipofika, hakuingia ndani, kwa heshima ya ukwe. Aliketi barazani, na mama akaketi mbali kidogo. Wakaongea Kiswahili, kwa maana yeye hajui Dholuo na mama hajui Kikuria. Akafungua gunia, akatoa mganda wa ngano, mabua na masuke yake, rangi ya mchanga mkavu.

Mama alipitisha kidole juu ya suke, akakirudisha haraka. "Kumbe iko na ndevu!"

"Ndiyo, mama. Ziko hivyo."

"Basi mchungaji hakudanganya. Hata mzee alikuwa ananichoma hivi hivi."

Halafu akakumbuka anaongea mbele ya nani, akajifunika mdomo kwa leso, na kicheko kikamtoka. Shemeji aliangalia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu baba alipolazwa.

Mama alipukuchua masuke machache viganjani, akapuliza makapi, akatugawia punje tutafune. Zilikuwa tamu kwa mbali, kisha zikanata kama chingamu.

Nyingine alizipanda nyuma ya jiko. Ziliota, lakini kwa joto letu zilibaki fupi, na ndege wakala karibu zote. Mama hakuwafukuza. Masuke yaliyobaki aliyapeleka kanisani Jumapili ya shukrani, pamoja na mtama wake. Ibada ilipokwisha, wanawake wenzake walimzunguka, kila mmoja akitaka kugusa.

Nilipomshukuru shemeji, alisema gunia lilikuwa jepesi. Lakini najua safari ile ya kutoka Narok, kubadilisha gari hadi gari, na kondakta kila stendi akitaka mzigo uende kwenye buti. Yeye aliupakata mpaka mwisho, masuke yasivunjike, kwa sababu ya swali la mjane ambaye hakuwahi kukaa naye meza moja.