Mpe Jembe

Kila asubuhi, kabla ya matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea, mimi husoma methali moja kwenye redio ndogo ya hapa Baraka na kuieleza kwa maneno machache. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na niliamini hakuna kazi salama kuizidi. Methali hazina mwenyewe. Waliozitunga wamekufa, hakuna wa kuwaita ofisini wajieleze.

Nilikuwa na methali nilizozipenda na nilizozichoka. "Mwacha mila ni mtumwa" niliisoma msimu wa harusi, wasichana wanapokataa kupiga magoti mbele ya wakwe, ingawa magoti yangu mwenyewe siku hizi hayakunjiki kwa mtu. "Kazi mbaya si mchezo mwema" niliwasomea wavuvi siku za mbalamwezi, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanapokimbia taa na wanaume kukaa ufukoni wakicheza karata. "Wapiganapo tembo, nyasi huumia" niliiacha zamani, maana kila nikiisoma watu walipiga simu kuuliza tembo hao ni nani na nani. Wakati ule nilicheka. Niliwaona ni watu wa mawazo mengi.

Asubuhi ninayoizungumzia nilisoma "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Akili yangu yote ilikuwa nyumbani. Binamu wa mume wangu alikuja kutoka Ubwari kwa ajili ya matanga, matanga yakaisha, yeye akabaki. Alikula ndagala kabla ya watoto, kisha akauliza kama hakuna nyingine. Basi nikaieleza methali kwa moyo wote: kwamba kwetu mgeni hupokelewa kwa maji ya kuoga na bugali ya moto, lakini anayekula shamba la wenzake bila kulilima ajue wenyeji wanamtazama. Nikasema kwa Kiswahili chetu, "mupe jembe," nikarudia kwa sauti nzito. Nilijua binamu ananisikia, kwa sababu redio ya nyumbani yeye ndiye aliyekuwa amelala nayo sikioni.

Nilipotoka studio, simu iliita. Namba sikuijua. Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya upole kabisa.

"Mama, minasikiaka kipindi yako kila siku," alisema. "Leo ulisema mugeni. Ule mugeni ni nani?"

Nikamwambia ni maneno ya wazee tu, hayana mtu.

"Sawa, mama. Lakini kumupa muntu fimbo ni kumupiga, si vile? Kumupa ngumi ni kumupiga. Sasa kumupa muntu jembe ni kufanya nini?"

Akakata kabla sijajibu.

Nilijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Tangu utoto sijawahi kuisikia methali ile namna hiyo, na sasa sikuweza kuisikia namna nyingine. Hata hilo "mupe" lilinigeuka. Kwa Kiswahili chetu neno hilo unaweza kumwambia mtu mmoja, ampe mgeni jembe. Unaweza pia kuuambia umati mzima, ninyi nyote, mupe. Na neno mgeni huku Fizi halikai peke yake. Watu wameulizana nani mwenyeji na nani mgeni hadi vijiji vimeungua. Mimi nilikuwa nimelisema kwenye kipaza sauti, mara mbili.

Halafu nikakumbuka mume wangu yuko njiani, na hapo ndipo hofu iliponiingia hasa. Alikuwa anarudi na pikipiki kutoka Lulimba, amebeba maharage ya kuuza. Kabla ya kufika Fizi mjini kulikuwa na barieri mpya, kamba tu iliyofungwa kati ya miti miwili, na wanaume wenye bunduki. Hatukujua walikotoka, na hakuna aliyethubutu kuwauliza. Walikula mihogo ya mashamba ya jirani. Redio yao waliitundika mtini, na mume wangu aliwahi kuniambia kwa majivuno kwamba wanamwita bwana wa mama wa redio, wanamshushia kamba bila maneno mengi. Wageni. Wanakula shamba la wenzao bila kulilima. Kila neno nililosema kumchoma binamu liliwakaa wao vizuri zaidi.

Nikampigia. Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena, nikapiga tena.

Nikarudi ndani kumwomba mkuu wa redio aniruhusu nieleze upya hewani. Alifunga mlango kwanza.

"Hapana, mama," alisema. "Ukiomba musamaha, unaonyesha kama kweli uliwatukana. Acha ipite."

Alisema ukweli, na ndicho kilichonitisha. Methali ikishatoka, huwezi kuifafanua bila kuitia jina la mtu.

Nyumbani nilikuta mkeka wa binamu umekunjwa. Alikuwa amechukua jembe langu nyuma ya jiko na kwenda kupalilia mihogo. Mtu pekee niliyemlenga ndiye peke yake aliyeelewa. Siku nyingine ningepiga vigelegele. Siku ile ningempa ndagala zote za ziwa Tanganyika aje alale, ilimradi maneno yangu yarudi mdomoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hiyo nayo nimewasomea watu mara nyingi, nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti changu.

Sikupika. Kila pikipiki ilipopita nilitoka hadi barabarani. Jirani akaniuliza nangoja nani, nikamwambia nangoja maharage, kwa sababu kulitaja jina la mume wangu niliona kama kumtia mkosi. Niliogopa hata kulia, nisije nikalilia kitu ambacho bado hakijatokea.

Alifika jua likiwa limeinama juu ya milima. Alikuwa na udongo hadi magotini, na magunia yake yote yapo. Hakunisalimu. Aliomba maji, akatumbukiza mikono, akafinya macho. Viganja vilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

"Balinizuia," alisema. "Mukubwa wao akaniuliza, bibi yako alisema jembe ya kulima ao jembe ya kichwa? Alikuwa naishika mukononi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ya kulima. Akasema basi, lima."

Walimpeleka nyuma ya miti, kwenye shamba la watu, wakakaa kivulini wakimtazama. Alilima tangu asubuhi, walipozima redio yao, hadi walipochoka kumtazama. Hakupumzika hata kunywa maji.

"Nililima mbio," akaniambia, "juu basigeuze maana."

Nilimfunga mikono kwa kitambaa nilichochana kwenye kikwembe changu cha kiunoni. Binamu alirudi kutoka shambani, akaona, akaweka jembe chini polepole kama kitu kinachoweza kulipuka. Akauliza nani amemfanya hivyo. Nikaliokota jembe, nikalirudisha nyuma ya jiko.

Asubuhi iliyofuata nilienda kazini, maana kutokwenda nako kungeonekana. Usiku wote nilikuwa nimezipitia methali zangu moja moja, nikitafuta isiyo na mtu ndani. Mwenye nguvu mpishe: ni nani huyo? Lisemwalo lipo: lipi? Hata ya kinyonga anayebadili rangi ilikuwa na mwenyewe. Basi nikasalimia wasikilizaji, nikasoma msiba mmoja, nikasoma mbuzi mweusi mwenye doa jeupe aliyepotea karibu na soko. Pale penye methali niliweka muziki. Nilitoka studio nikiwa nimelowa jasho, lakini nikajiambia nimepita.

Simu iliita kabla sijafika barabarani. Ilikuwa ile sauti ya upole.

"Mama, leo haukusema neno," alisema. "Ile neno unatuficha ni gani?"