Mtani wa Latir Sarr

Ansumana Badjie alikuwa na macho ya kuona ndege na mdomo wa kumsema Latir Sarr. Wageni waliokuja na kamera zao ndefu walimpenda kwa macho. Watu wa kijijini walimpenda kwa mdomo. Yeye Mjola, Latir Mserer, na tangu enzi za mabibi makabila hayo mawili ni watani: wanaitana watumwa, wanachekana kwa chakula, Mjola kwa wali wake na Mserer kwa uwele wake, wananyang'anyana sahani, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Mtani akikuomba jambo, humnyimi.

Mtumbwi ulikuwa wa Latir. Ansumana alielekeza, Latir akapiga kasia, na matusi yao yalitangulia mbele kabla mtumbwi wenyewe haujaonekana.

Asubuhi ile walimchukua Hendrik, Mholanzi mzee, mpole, aliyekuja kwa mara ya tatu kumtafuta ndege mmoja tu: korongo mwenye milia mwili mzima, anayejificha ndani ya mikoko na kutoka maji yanapokupwa. Kesho yake alikuwa anarudi kwao. Mara mbili Ansumana alikuwa amemrudisha mikono mitupu, na jambo hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Waongoza wageni wengine walishaanza kunong'ona kwamba macho ya Badjie yamezeeka.

"Kaza mkono, mtumwa," alimwambia Latir. "Au uwele umeisha nyumbani?"

"Uwele upo. Ni tumbo lako la wali linalonimaliza. Mjola akila, mtumbwi unalia."

Ulikuwa mwanzo wa mvua. Joto lilikuwa zito, hewa imesimama. Kisha ndege mdiria waliokuwa wakipiga mbizi kuvua samaki wakatoweka, na upande wa mashariki, juu ya mikoko, anga ikageuka rangi ya jivu lililomwagiwa maji. Latir akaacha kupiga kasia.

"Ansumana," alisema, "turudi."

Alimwita kwa jina, si kwa utani. Hilo lingemrudia Ansumana kila alipofumba macho, lakini pale hakulisikia. Alimsikia mtani.

"Haya, leo nimeona! Mserer anaogopa maji! Ngoja nifike sokoni, wanawake wenu watazisikia habari zako."

"Sitanii. Ile si mvua tu, ni upepo."

"Wewe lini uliwahi kusema hutanii ikawa kweli? Bwana wako anakuamuru. Piga kasia."

Latir aliitazama tena anga. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama utani unavyotaka, akashika kasia. Angekuwa mtu mwingine asiye mtani wake, angemkatalia.

Wakamkuta korongo. Alisimama kwenye matope chini ya mizizi, shingo ameinyoosha, shungi lake jeupe likitikiswa na upepo wa kwanza. Hendrik alipiga picha huku machozi yakimtoka. Ansumana alijiona kijana tena.

Dhoruba iliwakuta kwenye mdomo wa kijito, pale mto mkubwa unapopanuka. Mtumbwi ulipepetwa kama pumba kwenye ungo, ukapinduka. Ansumana alishikilia mzizi. Alimwona Latir akimsukuma Mholanzi kuelekea kwake, akamsukuma tena, kisha wimbi likautupa mtumbwi juu yao. Hendrik aliibuka. Latir hakuibuka. Kamera ilizama na korongo wake.

Mwili uliokotwa kesho yake maji yalipokupwa, ukazikwa kabla ya adhuhuri.

Msibani mtani ana kazi yake. Wengine wakilia, yeye hupaza sauti amseme marehemu, amcheke, amdai, ili waliobaki wapate kuvuta pumzi. Watu wote walimngoja Ansumana. Yeye alikaa ukutani, kichwa chini.

Aliyemwita ni Siga, mjane wa Latir.

"Wewe mtumwa! Mwenzio kafa nawe umenyamaza? Unataka aende bila kusemwa, kama mtu asiye na kwao?"

Ansumana aliinuka. Alikuwa amekesha akitafuta pa kulitua lile jambo.

"Aliniambia turudi," alisema. "Aliuona upepo. Mimi nikamcheka, nikamwita mwoga, nikamwamuru aende. Mimi ndiye niliyemuua."

Kisha mzee mmoja wa ukoo wa Sarr akajipiga paja.

"Msikieni Mjola! Tangu lini Mserer akamtii mtumwa wake?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wanawake walicheka machozi yakiwatiririka, na Siga akacheka kuwapita wote, ameshika ubavu, yeye ambaye tangu jana hakuwa ametia kinywani hata maji.

"Ongeza, Badjie! Ongeza!"

"Ni kweli," alisema Ansumana. "Wallahi ni kweli."

Wakazidi kucheka. Alimtazama Siga akijifuta uso kwa ncha ya kanga, akiona haya kidogo kwa kucheka kwake, akingoja zaidi. Ansumana akalibeba tena lile jambo.

"Na mtumbwi wenyewe," alisema, "aliuchonga kwa kijiko."